Njiti ni wa Upepo, wa Moto au wa Udongo?

Benchi lile lina miguu minne lakini linasimama kwa mitatu. Wa nne umewekewa kipande cha tofali, na anayekaa vibaya hulitikisa mpaka kahawa za wenzake zikamwagika. Liko mbele ya karakana ya baiskeli, karibu na jiko la Mama Birika, muuza kahawa ambaye hakuna habari ya mtaa inayompita bila kumwamkia. Mwanzoni mwa benchi hukaa Mnara, mwashi mrefu ambaye magoti yalimstaafisha kabla ya umri. Katikati hukaa Wakili, muuza viatu vya mitumba. Jina hilo alilipata baada ya kuitwa mahakamani kuwa shahidi wa wizi wa kuku, na tangu siku hiyo haongei bila kusimamisha kidole. Anayefuata ni Njiti, fundi baiskeli mwenyewe, mwembamba kama spoku za magurudumu yake. Halafu, baada ya Njiti, upande wa mlango wa karakana, pana nafasi ya kumtosha mtu mzima. Hapo alikuwa akikaa Sikio, mwenzake Njiti wa kazi tangu ujana wao, mpaka walipokosana na Sikio akabeba spana zake akaenda kufungua kazi nyuma ya soko. Tangu hapo nafasi ile haikaliwi na habari yake haizungumzwi. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ilijiotea tu, kama majani yanavyoota mahali pasipopitwa.

Mchana ule Njiti alifika benchini na shida yake kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja, anaogopa hata kugeuka.

— Nisaidieni, ndugu zangu. Saa kumi binti yangu anapita hapa kwenda kupanda basi. Kabla hajapita, nataka niwe nimeshajua mimi ni mtu wa aina gani.

— Wewe ni mwembamba — alisema Mnara. — Hilo hata kipofu atalijua akikupapasa.

— Sisemi ya nje. Nasema aina ya ndani.

— Ya ndani aijuaye ni Mungu na mkeo — alisema Mama Birika, akimimina.

Njiti alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili. Binti yake wa kwanza anafanya kazi mji mwingine, kwenye nyumba ya kuchua watu, na huko tajiri wake amempeleka kujifunza elimu inayoitwa Ayurveda. Alikuja kuwasalimia wazazi siku chache tu, akakuta nyumba si ile aliyoiacha.

— Hiyo Ayurveda ndiyo nini? — aliuliza Wakili. — Tuanze na maelezo ya awali, halafu tuingie kwenye ushahidi.

— Ni elimu ya kale ya Wahindi, ya namna ya kuishi — alisema Njiti. — Anasema wahenga wao waliona kila kitu kimefinyangwa kwa vitu vitano: anga, hewa, moto, maji na udongo. Na mwanadamu naye ni vivyo hivyo.

— Udongo sina ubishi nao — alisema Mnara. — Nimeushika maisha yangu yote, na siku moja utanishika na mimi.

— Sasa hivyo vitano vikiwa ndani ya mtu vinatoa hali tatu. Ya kwanza wanaiita vata, ndiyo upepo. Ya pili pitta, ndiyo moto. Ya tatu kapha, maji na udongo vimekandwa pamoja. Kila mtu ana zote tatu, ila kila mtu kazaliwa na kipimo chake. Ukiwa kwenye kipimo chako, unakula unashiba, unalala unaamka, unacheka. Hali moja ikizidi, mwili unaumwa na akili nayo inaumwa, maana wao hawavitenganishi hivyo viwili. Anasema akili na mwili ni mke na mume, mmoja akinuna mwingine chakula hakishuki.

Hapo Njiti alipeleka kikombe mdomoni, maana alikuwa amegusa pabaya. Mama Birika akamwokoa, kama kumwokoa ndiko kule.

— Tunajua, baba. Mkeo amehamia chumba cha watoto. Amesema harudi mpaka ujulikane umepatwa na nini. Amesema alioana na mtu, siku hizi analala na mlinzi wa zamu.

Hakukuwa na la kukanusha. Tangu msimu uliopita Njiti anaamka usiku, anazunguka sebuleni, anagusa komeo la mlango, anarudi, anaamka tena. Mchana maneno yanamtoka kwa ukali mpaka yeye mwenyewe anashtuka, kama aliyesikia mtu mwingine akisema ndani ya koo lake. Hata sala yake ya usiku imekuwa na kigugumizi. Inakwenda vizuri mpaka inafika pale mja anapoomba kusamehewa, inakwama hapo, anaitika amina upesi na kujifunika shuka. Hilo la sala hakumwambia mtu. Wanadamu tuko hivyo, Mungu atuhurumie: tunamwonyesha tabibu kidole, jipu liko kwapani.

— Na dawa yake? — aliuliza Mnara.

— Kwanza utaratibu. Maji ya uvuguvugu asubuhi. Chakula kizito ule mchana jua likiwa juu, usiku ule kidogo. Ulale mapema, uamke mapema, na ukae kimya kidogo uvute pumzi taratibu. Na mafuta ya kujipaka nyayo na utosi kabla ya kulala. Mafuta anayo kwenye mkoba, chupa tatu, moja kwa kila hali. Lakini amesema hawezi kuniachia yoyote mpaka nimjibu ukweli wangu. Mkavu anapewa cha kumlainisha, mwenye joto anapewa cha kumpoza, mzito anapewa cha kumchangamsha. Ukikosea, unamwongezea mtu kile kile kinachomsumbua. Na akasema pia hii haifuti daktari. Daktari nilishakwenda, akanipima, akasema sina kitu.

— Sasa si angekuuliza tu mwenyewe? — alisema Mnara.

— Ameniuliza jana jioni. Kila alichouliza nikamwambia, ngoja nikafikiri.

Wote walielewa, na hakuna aliyecheka. Njiti hajawahi kujibu swali kubwa nje ya benchi. Jina la huyo binti lilitoka hapa. Rangi ya mlango wake ilitoka hapa, ya kijani, ingawa mkewe alitaka buluu. Mtu wa benchini akiulizwa jambo lake nyumbani, husema nitakujibu kesho, na kesho analeta jibu la watu wanne.

Wakili alisimamisha kidole.

— Basi benchi limekaa. Swali la kwanza aliuliza nini?

— Usingizi wangu ukoje.

— Hulali — alijibu Mama Birika.

— Halafu mikono yangu.

— Ya baridi — alisema Mnara. — Ukinipa mkono asubuhi nahisi nimeshika bomba.

— Na anafikiri sana yasiyokuwepo — aliongeza Wakili. — Mwembamba, mkavu, halali, ana wasiwasi. Kesi imekwisha. Huyu ni upepo. Na chanzo ninacho. Mtu amejaza matairi upepo tangu kijana. Kila ukisukuma pampu, kuna upepo unaoingia tairini na kuna unaorudi kwa mwenye pampu. Huo umekwenda wapi miaka yote? Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ndicho hiki kifua.

— Kwa hiyo tumtoboe? — aliuliza Mnara.

— Sijafika kwenye hukumu.

Njiti alijishika kifua. Palikuwa pa kawaida, lakini baada ya maneno yale alisikia kama kuna kitu kinapuma.

— Upepo gani — alisema Mama Birika. — Juzi si alimfokea yule bwana aliyerudisha gurudumu mpaka mate yakaruka? Upepo haufoki. Huo ni moto. Na macho yalikuwa mekundu, mimi niliyaona, nikajisemea leo hapa patachimbika.

Lile gurudumu lilikuwa bado limeegemea ukuta wa karakana. Njiti hakutaka kulitazama, akalitazama. Lilikuwa limerudishwa tena, na lilikuwa bado linacheza, likizungushwa linayumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

— Alinikera — alisema Njiti.

— Ndiyo moto huo — alisema Mama Birika. — Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeficha moto, kilio chako kimefichua mate.

— Methali hiyo umeishona kwa uzi wa rangi nyingine, mama — alisema Wakili.

— Imefunika, haikufunika?

Mnara alinyoosha mguu wake mbovu, akakohoa kikohozi cha mtu anayetaka nafasi.

— Nyote wawili mnapiga lipu kabla ukuta haujakauka. Mtazameni huyu. Anafika hapa asubuhi, anaondoka jua likizama. Ukimwita, anageuka baada ya kuitwa mara ya pili. Wateja wanapungua na yeye hainuki kuwafuata. Mzito huyo. Huyo ni udongo na maji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu ni mfupa, na mfupa ni udongo. Nani atapinga?

Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia.

Njiti alikunywa kahawa yake. Alikuwa amekuja na swali moja, sasa alikuwa upepo upande wa Wakili, moto upande wa jiko, na udongo kwa Mnara, na kila mmoja alipokuwa anasema, alimwona kabisa mtu huyo anayeelezwa na kumtambua. Ndiyo, mimi silali. Ndiyo, mimi nafoka. Ndiyo, mimi hugeuka nikiitwa mara ya pili. Alitamani wachague mmoja tu, awe hata yule mbaya, ilimradi saa kumi awe na la kusema.

— Mnanichanganya — alisema.

— Umekuja umechanganyika tayari — alisema Wakili. — Sisi tunakoroga tu, sukari iko chini. Hebu tuangalie jambo jingine. Huenda huumwi wewe. Huenda inaumwa ndoa. Kama mtu ana upepo, moto na udongo, ndoa nayo itakosaje? Mkeo ni mtu wa nini?

— Mke wangu ni mtu wa kazi zake.

— Huyo ni maji. Mpole, anafika kila pembe ya nyumba. Sasa maji na moto wamelala kitanda kimoja, kutatokea nini? Mvuke. Na mvuke unakwenda wapi? Unatafuta upenyo. Ndiyo maana mama wa watu amehamia chumba chenye dirisha.

— Chumba cha watoto hakina dirisha — alisema Mama Birika.

— Basi utatoka mlangoni, mvuke haubagui. Na ndiyo maana nasema dawa itoke mbali, kwa hao Wahindi, isitoke hapa mtaani. Wazee walikwisha sema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa karibu tumeshazoeana na ugonjwa wake. Tena afadhali ametafuta, maana wapo wanaoambiwa wakakataa. Sikio la kufa...

Aliishia hapo. Kidole kilibaki juu, hakina kazi.

Neno lilikuwa limeshatoka na lilikuwa limeangukia palepale kwenye nafasi tupu, mwisho wa benchi. Mnara alitazama ukucha wake. Mama Birika alifunua birika, akachungulia, akafunika.

— La kufa halisikii dawa — alimalizia Wakili kwa sauti ya chini, kama mtu anayefuta alichoandika.

 Ndani ya karakana, nyuma ya mgongo wa Njiti, ulikuwepo mti uliopigiliwa sakafuni. Hakuwa na haja ya kugeuka ili auone. Zamani gurudumu lilinyooshwa na watu wawili pale. Yeye Njiti alikaa na ufunguo wa spoku. Sikio alichuchumaa upande wa pili ameshika kipande cha chaki jirani kabisa na ringi, akilizungusha gurudumu taratibu kwa mkono mwingine, amefumba macho. Chaki ilipogusa, alisikia kabla alama haijaonekana. Hilo ndilo lililompa jina. Akisema huku, Njiti anakaza huku na kulegeza kule. Bado. Anakaza kidogo. Bado. Analegeza. Bado kidogo. Halafu Sikio anasema, liache, na gurudumu linazunguka kama wazo la mtu mwenye amani. Wateja walitoka mitaa ya mbali kwa ajili ya neno hilo moja.

Siku walipokosana, msimu ule uliopita, mteja mmoja alisifu kazi, akasema hawa wawili ni fundi na fundi. Njiti, na shetani hana ofisi, anakaa kwenye ulimi, akajibu mbele ya watu: fundi ni mimi, huyu kazi yake kushika chaki, na chaki hata mti unaweza kushika. Kisha ili aonekane hatanii, akachukua mti, akaupigilia sakafuni kwa misumari, akaufungia chaki kwa waya. Sikio alimtazama mpaka msumari wa mwisho.  Alikusanya spana zake moja moja, akaziviringisha kwenye gunia, akaondoka.

Mti bado unashika chaki. Unaishika vizuri sana, hautikisiki. Ila hausemi bado, na wala hausemi liache.

Jana jioni binti alimuuliza swali jingine pia, la mwisho. Baba, ilianza lini? Hilo Njiti hakulileta benchini.

— Mimi nina jambo — alisema Mnara, na sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu anayetaka kufunika shimo. — Tumekuwa tukimtazama Njiti peke yake. Hilo ndilo kosa letu. Ukuta ukipinda, mwashi halaumu tofali la juu. Anakwenda chini. Sisi tunakaa pamoja kutwa, tunakunywa birika moja. Je, kama benchi ndilo mwili?

— Fafanua — alisema Wakili, na kidole kikafufuka.

— Wewe Wakili ni upepo. Unavuma kutwa na hakuna jani linaloanguka. Mama Birika ni moto, kazi yake inasema yenyewe. Mimi ni udongo. Njiti anakaa katikati ya watu wa hali tatu kila siku, na kila mmoja anamvujia kidogo. Dawa si mafuta, wala si nini. Dawa ni kupangana.

— Kupangana vipi?

— Kwa mizani. Benchi lenyewe si mnaona linalalia upande mmoja? Mnadhani ni mguu? Si mguu. Ni hali zetu hazijakaa sawa.

Njiti alijua kwamba jambo hili halina kichwa wala miguu. Lakini saa kumi ilikuwa inakaribia na yeye hana jibu, na mfa maji haulizi jani limetoka mti gani. Akasimama. Wote wakasimama, hata Mama Birika aliacha jiko lake kwa mara ya kwanza tangu lianze kuwaka pale.

Walianza kwa kumweka Mnara juu ya mguu wa tofali, kwa kuwa udongo lazima ukae msingi. Benchi likalala upande wake. Wakamhamishia Wakili huko huko apunguze uzito kwa upepo, likalala zaidi. Wakili akasema upepo wake haujaanza kufanya kazi. Wakamkalisha Mama Birika katikati, Njiti ubavuni mwake. Wakabadilishana. Mnara akahesabu kama anayepima kamba ya ujenzi, akasema wote wavute pumzi kwa pamoja taratibu kama elimu inavyotaka, upepo ndani yao usawazike. Wakavuta. Mtu aliyekuwa anapita na mkokoteni alisimama, akawatazama watu wazima wanne waliofumba macho wamejazana kwenye nusu ya benchi, akaendelea na safari yake taratibu zaidi kuliko alivyokuja.

Maana walikuwa wamejazana kweli. Kila walivyojipanga, kwa hali zote tatu na kwa mizani zote za Mnara, nafasi ya mlangoni ilibaki wazi. Hakuna aliyesema tuiache. Makalio yenyewe yalikuwa yanaikwepa.

— Nasikia kitu — alisema Wakili, macho yamefumbwa. — Nasikia kutulia.

Tofali likateleza. Benchi likainama, Mnara akamlalia Wakili, Wakili akamlalia Mama Birika, na mguu wa mtu mmoja, haikujulikana nani, ukalipiga birika. Kahawa ilitambaa chini ya benchi, ikatafuta njia mpaka kwenye mfereji.

— Maji yakimwagika hayazoleki — alisema Mnara akiwa bado amelala juu ya watu. — Kwa hiyo nawaambia, wa maji kati yetu hayupo.

— Nyamaza, uinuke — alisema Mama Birika.

Walikuwa bado wanapangusana vumbi na kulitafuta tofali, walipomwona bwana mmoja amesimama mbele yao. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Alikuwa mnene, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na mkononi amebeba gurudumu la toroli lililopasuka tairi.

— Habari za hapa, wazee wangu. Nimeelekezwa kwa fundi.

— Umefika — alisema Wakili, akijiweka sawa kola. — Ila fundi yuko kwenye matibabu.

— Nitasubiri, sina neno. — Mgeni aliliweka gurudumu chini, akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akaitazama ile nafasi mwisho wa benchi, upande wa mlango. — Samahani. Hapa pana mtu?

Mnara alifungua mdomo. Ulibaki wazi, kisha ukafungwa bila kutumika.

Wakili alisimamisha kidole, akakitazama kama anayekiuliza kinataka nini, akakishusha.

Mama Birika aliokota kikombe ambacho hakikumwagikiwa na kitu, akaanza kukisuuza.

— Nimeuliza vibaya? — alisema mgeni. — Nataka kujua tu kama pana mtu. Miguu imechoka.

 Njiti alisimama na tofali mkononi. Akisema pana mtu, ataulizwa yuko wapi. Akisema hapana mtu, atakuwa amemzika Sikio angali anatembea, nyuma ya soko, mwendo wa mtu kumaliza kikombe kimoja. Watu walimgeukia yeye. Mara ya kwanza tangu alijue benchi lile, lilikuwa linasubiri jibu kutoka kwake, wala halikuwa na la kumwazima.

Alilirudisha tofali chini ya mguu. Alilisukuma kwa kisigino mpaka likakaa.

— Baba.

Binti alikuwa amefika, mkoba begani, khanga imefungwa kiunoni kisafari. Aliwasalimia wote, akaona kahawa chini, akaona vumbi migongoni, akaamua kutouliza.

— Basi linakaribia kuondoka. Umeshapata jibu? Nikuachie ipi?

— Hawa wamenipata wote watatu, mama — alisema Njiti. — Na mimi nimejiona kwa wote watatu.

— Mtu anaweza kuvurugika zote kwa pamoja, baba. Inatokea. Ndiyo maana nilikuuliza ilianza lini.

 Njiti aliingia karakana. Waliokuwa nje walisikia waya ukikwaruza mti, ukikataa, kisha ukikubali. Alitoka na kipande cha chaki amekitia mfuko wa shati, na lile gurudumu linaloyumba akalitundika begani kama mtu anayekwenda nalo mbali.

— Twende nikusindikize. Tupitie nyuma ya soko.

— Nyuma ya soko ni kuzunguka, baba. Nitachelewa.

— Utakuwa na mimi hadi kwenye kona tu. Kutoka hapo wewe utanyoosha.

— Na wewe?

— Mimi sijui. — Aliliweka gurudumu vizuri begani. — Hata nitaanza na neno gani sijui. Unaweza kunitolea hizo chupa za mafuta zote tatu, mama, hakuna hata moja itakayonisemea.

Binti alimtazama, akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. Akamshika baba yake mkono. Labda ulikuwa wa baridi, maana alianza kuusugua wakitembea. Mnara na Wakili waliwatazama mpaka mgongo wa Njiti na lile gurudumu vikapotea kwenye kona, gurudumu likicheza kidogo kila alipokanyaga.

— Kwa hiyo ni upepo — alisema Wakili, lakini hakusimamisha kidole.

— Sijui — alisema Mnara.

Hakuna aliyewahi kumsikia Mnara akisema neno hilo.

Mgeni alikuwa bado amesimama. Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

— Wazee wangu, mnisamehe kwa kuwasumbua. Mimi sasa nikae, au nisikae?

Mama Birika aliliinamisha birika juu ya kikombe alichokisuuza. Lilitoa tone moja, likakataa la pili.

— Ngoja kidogo, baba — alisema. — Jibu lako limekwenda kuulizwa.